Siri Niliyoiwekea Bahari

Kama hapa Bunia kuna mwanamke mwingine aliyewahi kugombezwa na mumewe kwa kupita ukutani, na ukuta wenyewe ni mstari wa chaki, basi ajitokeze tufarijiane.

Miezi kumi mizima niliishi ndani ya meli. Meli yenyewe ilikuwa sebuleni kwetu, mtaa wa Saio, kwenye sakafu ya saruji. Mume wangu Davy ni fundi wa jenereta, na fundi haamini kitu mpaka akipime. Dada yake Patricia alimtumia vipimo vya chumba tutakacholala, naye akachukua futi na chaki akakichora chote: kitanda hapa, bafu pale, mlango huku, dirisha upande wa kabati. Patricia hutandika vitanda katika meli hiyo ya watalii, mwaka wa sita sasa. Mfanyakazi akitimiza miaka mitano hupewa chumba kimoja kwa ajili ya ndugu zake wawili waliooana, siku kumi, kula na kulala bure. Alituchagua sisi. Tungepanda Mombasa, tupite Zanzibar na Komoro, tuizunguke Madagaska, halafu turudi. "Davy na Débora, mume na mke," ndivyo barua ilivyoandikwa, na Davy aliisoma kila jioni kabla ya sala.

Basi tukawa tunakula ndani ya chaki. Nikienda jikoni kufuata chumvi, nikikatiza bila kuzunguka mlangoni, nasikia kelele.

"Débo! Unapita mu ukuta! Utaanguka mu maji!"

"Wacha nianguke, weye mutu wa ziwa utanitoa."

"Ziwa iko na ng'ambo, bibi yangu. Bahari haina. Nitakutafuta wapi?"

Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Miaka tisa ya ndoa hatukuwa na mtoto wa kumpigia kelele, tukawa tunapigiana wenyewe.

Alhamisi hiyo, siku mbili kabla ya basi kuondoka, nilikuwa kwenye cherehani nikilegeza kiuno cha gauni langu la kitenge. Nilikuwa nimelishona kwa ajili ya ile jioni ambayo nahodha hula pamoja na wageni. Hii ilikuwa mara ya pili kulilegeza, na mara zote mbili nilingoja Davy atoke. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika muda si mrefu. Nilisikia pikipiki ikizimwa nje, mlango ukasukumwa, na Davy akaingia na viatu vyake vya matope. Hakuzunguka. Alivuka ukuta wa chaki, akakanyaga kitanda, akaja kusimama mbele yangu.

"Débora."

Hakusema Débo. Mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani wenyewe.

"Karibu. Chai iko mu thermos."

"Carte jaune yako iko wapi?"

"Si nilikuambia? Niliisahau kwa Félicité."

"Natoka kwa Félicité."

Félicité ni rafiki yangu, muuguzi, na ni mtu asiyejua kudanganya hata kidogo. Niliinamia kitenge nikajifanya natafuta sindano.

"Anaangalia chini, anasema mambo ya carte nikuulize weye," Davy aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Basi nikaenda kule tulichomwa vaccin. Nilisema, wacha nitafute duplicata, carte ya kufanana na ile, bibi yangu asisumbuke. Bwana wa pale alifungua kitabu. Jina yangu iko, na tarehe. Yako haiko. Akafungua tena, karatasi kwa karatasi. Haiko. Débora, hawakukuchoma."

Bila kadi ile ya manjano, inayoonyesha kwamba umechanjwa homa ya manjano, mtu wa huku havuki mpaka, seuze kupanda meli. Na chanjo yenyewe huhesabiwa baada ya siku kumi. Sisi tulibakiwa na mbili. Siku ile tuliyokwenda pamoja, Davy alikunja mkono wa shati akachomwa huku akinikonyeza. Mimi nilisema nina malaria, nitarudi kesho. Kesho yake nikasema nimekwisha chomwa. Tangu hapo nilikuwa namtegemea Katsuva, mkatisha tiketi za basi letu, aliyeniambia kwamba mpakani hawakagui sana kadi za mama waliovaa vizuri. Nilimwamini kwa sababu nilitaka sana kumwamini.

"Jibu," alisema Davy.

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Kwa mupaka? Wakinirudisha nyuma na valizi mbele ya watu?"

"Davy, usipige kelele, majirani..."

"Wasikie! Miezi kumi wananiona nachora chaki kama mutu wa wazimu, wasikie na mwisho yake!" Alijishika kichwa. "Ni bateau, ile meli, njo hutaki, ao ni miye?"

"Mungu wangu. Weye unaweza kuniuliza vile?"

"Mama aliniambia, toka ulichelewesha vaccin. Sikumusikia."

"Alikuambia nini, mama yako?"

"Alisema bibi mwenye kukataa safari na bwana yake, iko na safari ingine mu kichwa."

Hapo damu ikanipanda. Nilisimama, mkasi ukaanguka.

"Mama yako! Kila kitu mama yako! Nikikonda, anajua sababu. Nikinona, anajua sababu. Siku moja atakuja kutuambia ata vile tunalala!"

"Usimutukane mama yangu."

"Simutukani. Nasema anajua mingi sana kwa mutu anaishi Mahagi!"

Tulitazamana. Macho ya Davy ni mazuri, nasema bila haya. Ndiyo yaliyonifanya nimkatae mtu wa ng'ombe hamsini aliyeletwa na baba, nimfuate mtoto wa wavuvi mwenye mikono ya grisi. Mchana huo yalikuwa yamejaa maji, na yalinitazama kama mtu anayeaga.

"Unajua nilikuwa nataka nini?" aliuliza polepole. "Si bahari. Siku kumi tu, siye wawili, fasi hakuna mutu wa kutuuliza mutoto iko wapi. Ni ile tu. Na weye juma mbili nzima ulijua hatutaenda, unaniangalia natengeneza valizi."

Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa ndilo hasa lile nililoapa kutolitoa kinywani.

Akageukia valizi yenyewe, sanduku letu lililokuwa tayari karibu na kabati. Tulikuwa tumepanga nguo zetu pamoja, zake na zangu, kwa sababu Patricia alisema chumba ni kidogo. Akalifungua, akaanza kutoa nguo zangu moja moja. Laiti angezitupa! Alizitoa taratibu, akazikunja upya, akaziweka juu ya kiti, blauzi juu ya blauzi.

"Unafanya nini?"

"Nitaenda peke yangu. Patricia aliangaika kwa hii fasi. Sitaiacha ipotee."

"Davy."

"Weye bakia na safari yako."

"Davy, wacha ile nguo."

Hakuacha. Alikuwa amefika kwenye kanga yangu ya kulalia. Niliona wazi kwamba akiiweka kanga ile juu ya kiti, mimi na yeye tumekwisha. Maneno yakanitoka kabla sijayaita.

"Ile vaccin hawachomi mwanamuke mwenye..."

Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimechelewa.

"Mwanamuke mwenye nini?"

Nilitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni.

"Débo. Mwanamuke mwenye nini?"

"Mwenye iko na tumbo."

Kanga ikabaki mikononi mwake. Alinitazama usoni, akatazama gauni kwenye cherehani na kiuno chake kilichofumuliwa, akanitazama tena. Halafu akakaa chini pale pale.

"Toka lini?"

"Juma kumi na moja."

"Kumi na moja? Na zile mbili..."

"Zile mbili hazikufika ata saba."

Hakuna aliyejua habari za zile mbili ila sisi wenyewe na Félicité. Ya kwanza ilikuwa mwaka wa tatu wa ndoa. Nilimwambia Davy saa ile ile niliyojua, akaimba bafuni, na siku nne baadaye nikaanza kutoka damu. Ya pili nilimwambia asubuhi, jioni akaja na kitanda kidogo juu ya pikipiki. Kitanda kile tulimpa Delphin jirani yetu, alipopata mapacha, na hatukumwambia kwa nini tulikuwa nacho. Mbele ya watu mimi ni mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba.

"Kwa nini ulinificha?" aliuliza. Hasira ilikuwa imekwisha, alibaki na maumivu tu. "Miye?"

"Sababu mara mbili nilikuambia, na mara mbili ikapotea. Mama yangu alinikataza toka niko binti. Alisema miezi tatu ikamilike, mutu asisikie, ata bwana. Miye nilikuwa nacheka mambo ya mama. Hii mara sikucheka. Nilimuapia Mungu nitafunga kinywa." Nilipiga magoti mbele yake. "Inakamilika Alhamisi inakuja. Nilihesabu. Ile siku tungekuwa mu maji katikati. Nilikuwa nataka nikuambie kule, Davy. Kule hakuna tantine ao shangazi, hakuna mama mukwe, hakuna wa kusikia kwa dirisha. Weye na miye na maji. Unafikiri ni weye tu unataka ile bateau? Nimeilala mu kichwa kila siku. Félicité alinikataza gari, alinikataza vaccin, alinikataza kila kitu, na bado nilikuwa nataka kwenda."

Davy aliweka kichwa mapajani pangu. Mwanamume yule alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mgongo mzima ukitikisika, na mimi nikawa nampapasa kisogo na kulia naye.

"Na bateau?" niliuliza baadaye.

"Itaenda na watu wengine." Alinyanyua uso. "Nitamuandikia Patricia. Miye siwezi kukupandisha mu gari kwa ile barabara. Ata wanipe bahari nzima."

"Uape kwanza. Uape hutasema kwa mutu. Mpaka Alhamisi. Ata kwa mama yako."

"Naapa."

"Sema vizuri."

"Naapa mbele ya Mungu. Kinywa yangu haitamuambia mutu." Aliubusu mkono wangu, halafu akautazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Namjua mume wangu. "Débo, na miye niko na kitu."

Simu yake ikaita. Aliitazama, akaigeuza uso chini.

"Ni nani?"

"Ni mama. Sikia kwanza. Siku ya Mungu, Jumapili hii, mama anatuma binti moja hapa. Anaitwa Grâce. Alisema anakuja kulinda nyumba tukiwa kwa safari."

"Na tukirudi?"

Alikwaruza chaki ya sakafuni kwa kidole. Sikuhitaji jibu. Nimekaa Ituri maisha yangu yote, najua binti wa kulinda nyumba ya mwanamume asiye na mtoto anakuja kulinda nini.

"Na weye ulikubali."

"Nilikubali ili watuache. Nilisema, tupate siku kumi zetu kwanza, nikirudi nitapigana. Débo, sijamuona ata kwa sura, naapa."

"Leo unaapa mingi."

Simu ikaita tena. Safari hii niliichukua mimi, nikabonyeza, nikamwekea mbele ya mdomo. Simu ya Davy haisikiki ila kwa kipaza sauti, tangu ilipoanguka kwenye mafuta, kwa hiyo sauti ya mama mkwe ilijaa sebule yote.

"Davy, mwana yangu. Niko hapa na baba mudogo yako Marcellin, na mashangazi. Tunatoka kukaa kikao. Grâce atapanda gari kesho asubui, hatangoja tena siku ya Mungu. Ni vizuri afike mukiwa bado hapo, Débora amuonyeshe nyumba."

"Mama, hapana. Asikuje."

"Asikuje juu ya nini? Ulikubali."

"Nilikosea."

"Baba yake amekwisha mubariki, watu wamekula, weye unaniambia ulikosea? Miaka kenda, Davy! Miaka kenda nangojea ata kusikia mutoto analia kwa simu. Wadogo zako wote wamezaa. Huyu bibi yako simuchukii. Ni mupole, anapika, lakini nyumba iko kimya! Nipe sababu moja hapa mbele ya wazee, nami nitamuzuia Grâce. Moja tu."

Davy alinitazama. Nilitikisa kichwa kwa nguvu zote. Mkono wangu mmoja ulikuwa tumboni na mwingine mdomoni pangu. Ameapa sasa hivi, Mungu wangu, mate hayajamkauka mdomoni. Alifumba macho. Alipoyafumbua niliona kwamba amepata kitu, maana uso wake uling'aa kama unavyong'aa jenereta mbovu inapokubali kuwaka.

"Mama, si Débora. Ni miye."

"Weye nini?"

"Docteur alinipima. Miye njo siwezi kuzalisha. Ata munipe bibi kumi, nyumba itabakia kimya. Débora hana kosa. Alijua, akanifunika miaka yote hii. Mulimutukana, akanyamaza juu yangu."

Kutoka Mahagi nilisikia kuku wao tu. Halafu ikaja sauti nzito ya baba mdogo Marcellin.

"Davy. Unayasema haya mbele yetu sote?"

"Nayasema mbele yenu wote."

"Karatasi ya hospitali iko?"

"Iko, baba."

Nilimtazama mwanamume huyu. Hakuna karatasi, hakuna daktari. Katika ukoo wao mwanamume anaweza kukiri wizi na bado akapewa kiti, lakini neno lile alilolisema halimwachii kiti popote. Alikuwa amejivua nguo mbele ya wazee wake ili asivunje kiapo changu. Sijawahi kumpenda mtu vile.

"Débora iko hapo?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe, na alikuwa analia.

"Niko, mama."

"Mwanangu. Kwa harusi ya Aimé, mudogo yake Davy, nilikuita jiwe isiyozaa, mbele ya watu. Ulinyamaza, ukaendelea kugawa chakula. Kumbe ulikuwa unamufunika mutoto yangu. Unisamehe."

Miaka tisa niliyangojea maneno hayo. Nisijifanye mtakatifu: yalinikolea. Niliyaonja moja moja.

"Nimekusamehe, mama."

"Muende muone bahari yenu. Muende mupumuzike. Grâce nitamurudisha kwao. Na miye hapa sitanyamaza, nitapigia kila mutu wa ukoo, mumoja mumoja, Kampala, Kisangani, wote. Nitasema: mutu wa kulilia ni Davy, Débora musimuguse tena. Leo hii, mwanangu. Mbele jua halijazama watakuwa wamejua wote."

Simu ikakatika.

Davy alinirukia akanikumbatia, akakumbuka tumbo, akaniachia, akanishika tena kwa upole kama anashika mayai.

"Umeona? Sikuvunja! Sikusema siri yako, na Grâce haji!" Alikuwa anacheka na kulia. "Wacha wanicheke. Miye najua yangu. Wacha wanicheke!"

Nami nikacheka. Nilimshika mashavu nikambusu, na kwa muda mfupi tulikuwa watu wenye furaha kuliko wote katika Bunia. Halafu nikaokota gauni lililokuwa limeanguka, nikaona kiuno nilichokilegeza. Mara ya kwanza vidole viwili, leo vitatu. Kicheko kikanikatika.

"Davy."

"Mm, mama ya mutoto."

"Kwa Noeli hili tumbo litaonekana na kila mutu."

"Ndiyo! Mama atakuja na mashangazi wote, tutachinja..."

Nilimwona akifika pale nilipokuwa nimekwisha kufika.

"Utawaambia ni ya nani?" niliuliza.

Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nitasema nilidanganya."

"Watasema sasa njo unadanganya. Watasema, ni vile vile, wanafunikana. Bibi alimufunika bwana, sasa bwana anamufunika bibi." Nilianza kuhesabu kwa vidole. "Watahesabu miezi, Davy. Watasema mu miaka kenda hakuna, na mara tu bwana anakubali hawezi, bibi iko na tumbo. Mutoto wangu atazaliwa na watamutafutia baba mu kila nyumba ya Saio."

"Débo..."

"Piga simu."

"Lakini Alhamisi. Ulimuapia Mungu, ulisema zile mbili..."

"Nasema piga! Muambie niko na tumbo. Muambie juma kumi na moja, muambie Félicité alinipima. Kama Mungu ataichukua, ataichukua. Lakini isiitwe ya mutu mwingine." Nilikuwa nalia sasa bila kujizuia. "Piga, mbele ile habari haijatoka mu nyumba yao."

Vidole vyake vilikosea namba mara mbili. Mara ya tatu akaipatia. Simu ikatoa mlio wa mtu anayeongea na mwingine.

Akampigia baba mdogo Marcellin, mlio ule ule. Akampigia shangazi, akampigia tena mama. Mwanga wa jua linalotua ulikuwa umeanza kuingia dirishani, mrefu na mwekundu, na sisi tulikuwa tumeshikana mikono mbele ya simu, tukisikiliza mlio ule ukijirudia. Mama mkwe wangu hajawahi kuahidi kitu akashindwa kukitimiza.